Utabiri wa Darasa: Oak Park 1917, Masindi 2021

Mhadhiri wetu alipotuagiza kila mmoja aandike insha ya historia kuhusu jambo dogo ambalo vitabu vikubwa hulipita bila kulisalimu, wenzangu walichagua mambo ya heshima: reli, chumvi ya Kibiro, sarafu za kikoloni. Mimi nilichagua mzaha. Baadhi yao walicheka nilipotaja mada yangu. Sikukasirika, kwa sababu kicheko ndicho kilichonifikisha hapa.

Mada yenyewe ni utabiri wa darasa. Ni desturi ya wanafunzi wanaomaliza shule kumteua mwenzao mmoja awasomee hadharani maisha yao ya baadaye: nani atakuwa nani, ataoana na nani, atafilisika vipi. Yote ni uongo na kila mtu anajua ni uongo. Katika insha hii nitaeleza desturi hiyo ilivyokua, nitamfuata kijana mmoja aliyepewa kazi ya mtabiri mwaka 1917, kisha nitaonyesha kwa nini mwanafunzi wa Uganda anaona jambo hili linamhusu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloniuma.

Nilisoma shule ya bweni karibu na Masindi. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya korona, nasi tulikuwa kidato cha nne. Tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo watahiniwa peke yetu tuliitwa kurudi. Kwa wengine wote shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Tuliporudi, madawati hayakujaa. Wapo wasichana waliokuwa wameshakuwa mama. Wapo wavulana waliokuwa wameshazoea pesa ya bodaboda na hawakuona haja ya hesabu za aljebra. Mtihani wetu wa 2020 tuliufanya mwaka 2021.

Kabla ya kutawanyika tulifanya karamu ya kuagana: soda moja kwa kila mtu na chapati mbili. Kwa kuwa nilijulikana kwa maneno mengi, niliombwa niandike utabiri. Nilikuwa nimeona jambo hilo katika filamu ya Kimarekani. Niliandika kurasa nne za daftari. Msichana aliyelala katika kila kipindi cha fizikia nilimpa kiwanda cha magodoro, naye mwenyewe akiwa mkaguzi wa ubora. Kijana aliyezoea kuruka ukuta usiku nilimfanya mkandarasi wa kujenga kuta za magereza. Mla posho mkuu wa darasa nilimpa Wizara ya Chakula, wizara ambayo haipo. Bwalo zima lilikuwa likigonga meza.

Kisha nikafika kwa mwenzangu wa dawati. Sisi Wanyoro tuna jina la heshima na mapenzi tunaloitana, empaako, na lake ni Araali. Kila muhula alirudishwa nyumbani kufuata ada. Wakati wa korona alifyatua matofali, na kwa fedha hiyo ndiyo alirudi. Nilisoma hivi: mwaka 2040 Araali atakuwa amejenga ghorofa kutoka Masindi mpaka Kampala kwa matofali yake mwenyewe, ila atakuwa bado amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mhasibu, akingoja risiti. Watu walicheka kuliko mahali pengine pote. Araali naye alicheka. Lakini alikuwa akiangalia chupa yake ya soda, na chupa ilikuwa tupu.

Hakurudi kwa kidato cha tano. Tangu hapo nimejiuliza: je, mzaha unaweza kumfunga mtu?

Sasa niende kwenye historia. Nchini Marekani vyuo vya zamani kama Harvard vilikuwa na sherehe iliyoitwa Siku ya Darasa, tofauti na siku rasmi ya kutoa shahada. Siku ya shahada ilikuwa ya wakuu wa chuo; Siku ya Darasa ilikuwa ya wanafunzi wenyewe. Walisoma shairi la darasa, historia ya darasa, na baadaye wosia wa darasa, ambamo waliwarithisha wadogo zao vitu kama kiti kibovu cha maktaba. Utabiri ulikaa vizuri katika ukoo huo: historia ilieleza yaliyopita, wosia uligawa yaliyopo, na utabiri ulibuni yajayo.

Shule za sekondari ziliiga vyuo. Mwaka 1900 vijana waliomaliza sekondari Marekani walikuwa kama 6 tu katika kila 100 wa umri wa miaka 17. Kufikia 1940 walikuwa karibu 50 katika kila 100. Katika miaka hiyo arobaini kumaliza shule kulitoka kuwa jambo la wachache kukawa jambo la karibu kila mtaa. Uchapaji wa picha nao ulikuwa umerahisika tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo shule nyingi ziliweza kutoa kitabu cha mwaka chenye sura za wahitimu. Utabiri, ambao ungepotea pamoja na sauti ya msomaji, ukachapwa ukabaki. Ndiyo maana leo tunaweza kuusoma kama hati ya historia.

Utabiri huo ulikuwa na kanuni zake. Mtabiri hasemi, "Nadhani fulani atakuwa hivi." Husingizia ndoto, au kioo cha mganga, au safari ya chombo cha angani, au anajifanya amerudi mjini baada ya miaka ishirini na kuwakuta wenzake mmoja mmoja barabarani. Kanuni kubwa ni kugeuza: mnyamavu anakuwa mhubiri, mtoro anakuwa mwalimu mkuu, mwenye misuli anauza kofia za kike. Kanuni ya pili ni kukuza: tabia ndogo ya darasani inafanywa kazi ya maisha. Magodoro yangu yalitoka katika kanuni hiyo, ingawa sikujua kwamba nilikuwa na mababu katika fani. Na mara nyingi mtabiri hujisahau. Anagawa maisha kwa wote, yake hayagusi.

Mmoja wa watabiri hao alikuwa kijana wa Oak Park, kitongoji cha Chicago, katika jimbo la Illinois. Mwezi Juni 1917 alikuwa na miaka 17, akimaliza sekondari pamoja na dada yake Marcelline. Alikuwa ameandikia gazeti la shule na jarida la shule lililoitwa Tabula, na darasa likampa kazi ya utabiri. Jina lake Ernest Hemingway. Utabiri wake ulichapwa katika toleo la wahitimu la Tabula mwaka huo.

Tuutazame mwezi wenyewe. Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Kuu tarehe 6 Aprili 1917. Tarehe 18 Mei ilipitishwa sheria ya kuandikisha wanaume wa miaka 21 hadi 30. Wavulana wa Oak Park walikuwa bado wadogo. Walikaa wakicheka maisha yao ya miaka ishirini mbele huku sheria ikiwa hatua chache tu nyuma yao. Mwaka uliofuata umri ulishushwa, na tarehe 12 Septemba 1918 walioandikishwa walikuwa wa miaka 18 hadi 45. Amani ilitangazwa Novemba kabla wengi wao hawajaitwa. Hata hivyo Wamarekani wapatao 116,000 walikufa katika vita hivyo, na zaidi ya nusu yao waliuawa na maradhi, hasa homa kubwa ya mafua ya 1918. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Hao pia walikuwa darasa la maradhi.

Mtabiri mwenyewe hakungoja kuitwa. Alifanya kazi miezi michache katika gazeti la Kansas City Star, kisha akaenda Italia kuendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu. Usiku wa tarehe 8 Julai 1918, karibu na mto Piave, kombora lilimjeruhi miguu. Hakuwa hajafikisha miaka 19 bado: zilibaki siku kumi na tatu.

Safari ya maisha yake ilimleta kwetu. Januari 1954 alikuwa akitembelea Uganda na mkewe Mary kwa eropleni ndogo. Tarehe 23, karibu na maporomoko ya Murchison, rubani alikwepa kundi la ndege, eropleni ikagonga waya wa zamani wa simu na kuanguka. Walilala porini. Rubani wa eropleni ya abiria iliyopita juu aliona mabaki lakini hakuona mtu, na habari ikaenea duniani kwamba Hemingway amekufa. Kesho yake mashua iliwachukua mpaka Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Hapo walipanda eropleni nyingine, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa chake akatoka. Wakaletwa kwa gari mpaka Masindi, mji wangu, wakiwa hai na wameumia vibaya.

Baadaye alisoma katika magazeti tanzia zake mwenyewe. Kijana aliyewasomea wenzake maisha ambayo hawakuwa wameyaishi, sasa alisoma kifo ambacho hakuwa amekufa. Oktoba mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, lakini majeraha yalimzuia kwenda Stockholm kuipokea. Alifariki mwaka 1961. Sidhani kama kuna mtabiri wa darasa ambaye angethubutu kuandika kituko kama hicho. Darasa lingesema amezidisha.

Je, mwanahistoria anapata nini katika hati za namna hii? Kwanza, hapati wakati ujao. Wahitimu wa 1917 waliojiwazia mwaka 1937 hawangeweza kuujua mdororo wa uchumi ulioanza 1929. Anachopata ni wakati uliopo, tena ule usioandikwa kwenye ripoti za shule: nani alipendwa, nani alidharauliwa, kazi gani ilionekana ya fahari na ipi ya aibu. Pili, anapata mpaka wa mawazo ya watu. Katika tabiri za zamani mzaha mmoja uliopendwa ni kumfanya msichana mwanasiasa. Ulichekesha kwa sababu ulionekana hauwezekani. Lakini tarehe 2 Aprili 1917, miezi miwili tu kabla ya sherehe ya Oak Park, Jeannette Rankin wa Montana alikuwa ameapishwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Bunge la Marekani. Mahali kicheko kinapokuwa kikubwa ndipo mwanahistoria achimbe.

Nikajiambia: basi chimba na kwako. Kwa nini bwalo letu lilicheka zaidi kwa Araali kuliko kwa magodoro? Magodoro yalikuwa mageuzo. Benchi la mhasibu halikuwa mageuzo. Nusu yetu tulikuwa tumelikalia. Tulicheka kwa nguvu kwa sababu kwa usiku mmoja benchi lilikuwa na jina la mtu mmoja, nalo si letu. Mimi mwenyewe nilikuwa na deni la muhula mzima na hakuna aliyejua. Mtabiri alijisahau, kama ilivyo desturi.

Likizo iliyopita nilikwenda kumtafuta. Nilimkuta penye tanuri la matofali, upande wa barabara ya Butiaba, matope mpaka magotini. Alinisalimu kwa empaako yangu, "Abwooli," akanipa kiti, yeye akakaa juu ya matofali. Nilimweleza habari za Hemingway, eropleni mbili na tanzia. Alizipenda sana zile tanzia. Kisha nikamwambia nilichokuja kusema: kwamba naomba radhi kwa ule utabiri.

Alinyamaza kidogo, akigeuza udongo kwa mguu. Akasema, "Abwooli, wewe hukutabiri kitu. Ulisoma tu kilichokuwapo. Kilichoniuma ni kwamba ulikisoma kwa sauti." Halafu akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi katika zile kurasa? Nilingoja jina lako mpaka mwisho."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kuhusu deni langu. Alicheka, safari hii akiniangalia mimi, si chupa. Ada ya kurudi shule bado anaiweka kidogo kidogo. Alisema atarudi, hakusema lini, nami sikuthubutu kutaja mwaka.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Mzaha haumfungi mtu. Ada ndiyo iliyomfunga Araali, kama vita na mafua vilivyowakuta wa Oak Park bila kujali walichoandikiwa na mtabiri wao. Lakini mzaha unaonyesha nani amesimama wapi siku unaposemwa, na anayeusoma naye amesimama mahali fulani. Mwanahistoria akiupata utabiri wa darasa, aulize kwanza jina ambalo halimo.

Zile kurasa nne bado ninazo. Wiki iliyopita nimeongeza mistari miwili chini ya ukurasa wa mwisho: jina langu, na kiasi nilichokuwa nikidaiwa mwaka 2021.