Kilio, Likelemba na Kuinuka kwa Watu wa Shaba

Mwezi Mei 1918 reli ya kutoka kusini ilifika Bukama, ukingoni mwa mto Lualaba. Mwaka huohuo, homa ya mafua iliyoshuka melini Cape Town mwezi Septemba ilipanda kwa njia hiyohiyo ya chuma: Kimberley, Bulawayo, kambi za Rhodesia, hatimaye Katanga. Iliwakuta vijana wa migodi ambao Bourse du Travail du Katanga ilikuwa ikiwaandikisha vijijini tangu 1910, wengi wao bila mke, bila mama, bila shangazi wa karibu. Mtu akizidiwa na homa kambini, aliyempelekea kikombe cha maji ni aliyelala naye chumba kimoja. Akifa, waliouosha mwili na kuchimba kaburi hawakuwa wa ukoo wake. Jambo hili huandikwa kwa haraka katika historia za shaba, nami naona ni kosa, kwa sababu hapo ndipo panapoonekana kitu ambacho miji ya Kolwezi na Mutshatsha imekitegemea katika kila balaa lililofuata. Hoja yangu ni hii: katika ukanda huu, jamii haikuinuka baada ya ugonjwa kwa vyama vilivyoundwa kupambana na ugonjwa. Iliinuliwa na vyama vya kuzika, kucheza na kuweka akiba vilivyokuwapo tayari, ambavyo wakubwa wa dawa hawakuvihesabu.

Mfano wa kwanza ni Mbeni. Ngoma hii ya gwaride ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikasambazwa na askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, na miaka ya 1920 ilikuwa imeota mizizi katika miji ya Katanga. Watawala wa Kibelgiji waliona sare na vyeo vya mfalme na gavana, wakaogopa siasa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu Beni, kama Mbeni ilivyoitwa pwani, alionyesha upande mwingine: vyama hivyo viliwakaribisha wageni mjini, viliwatazama wagonjwa na kuwazika wafu. Sidai kwamba homa ndiyo iliyozaa Mbeni. Vita na uhamaji vilitosha. Ninachodai ni kwamba watu waliokwisha kuona mwenzao akifa bila ndugu walikuwa na sababu nzito ya kulipa ada ya chama kila mwezi, na ada hiyo ndiyo iliyogeuza kundi la wageni kuwa jamaa wenye wajibu.

Msomaji anaweza kupinga kwamba aliyepunguza vifo migodini ni kampuni, si ngoma. Ni kweli, na haifai kuukwepa ukweli huo. Tangu 1928 hivi kampuni ya madini ya Union Minière iliacha mtindo wa kuleta vijana kwa miezi michache ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao kwa mikataba ya miaka 3, na chini ya daktari Léopold Mottoulle ikajenga zahanati, ikagawa unga na kupima watoto uzito. Afya ikaimarika. Lakini kampuni ilitoa kama baba anavyotoa, na anayetoa kwa namna hiyo anaweza pia kuacha kutoa. Mwaka 1967 serikali iliitaifisha, na baadaye ikaitwa Gécamines. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, hapo Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Hata kabla ya hapo, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekipa kitabu chake kuhusu familia za wafanyakazi wa Katanga jina la wana wa Shaba walioachwa na baba yao, na jina hilo halikuzidisha chumvi. Mutshatsha, mji wa reli ya kwenda Dilolo, ilikuwa imejifunza mapema zaidi: vita vya Angola viliifunga njia ya Benguela mwaka 1975, na mwaka 1977 mji wenyewe ulitekwa kisha ukakombolewa ndani ya muda wa mwezi mmoja hivi.

Baba alipoondoka, kilichobaki ni likelemba na kilio. Likelemba inajulikana: kila mwanachama anatoa kiasi kilekile, na kwa zamu mmoja anachukua chote. Kilio kinahitaji kutazamwa kwa karibu. Nyumba ya marehemu inatandwa turubai, viti vinaazimwa kwa majirani, na karibu na mlango anakaa mtu mwenye daftari. Kila anayeingia anataja jina na kutoa alicho nacho, fedha au unga wa bukari, na kinaandikwa. Daftari hilo familia hulihifadhi, kwa sababu siku ya msiba wa jirani litafunguliwa. Nalihesabu daftari hilo kuwa kumbukumbu muhimu ya uchumi wa mkoa wa Lualaba, ingawa si nyaraka ya serikali.

Korona ilipoingia Congo, mgonjwa wa kwanza akitangazwa tarehe 10 Machi 2020, amri za Rais Félix Tshisekedi za tarehe 18 Machi zilikataza mikusanyiko ya zaidi ya watu 20 na kilio nyumbani au ukumbini. Maiti itoke mochwari iende moja kwa moja makaburini. Migodini, makampuni kadhaa yaliwafungia wafanyakazi kambini wasirudi kwao, na mwezi Juni mashirika ya Congo na ya kimataifa, shirika la haki za binadamu la RAID likiwamo, yaliyaandikia yakilalamikia hali hiyo. Kwa hiyo mwenye mshahara hakuweza kufika nyumbani, na mjane hakuwa na mahali pa kupokelea mchango.

Kuna atakayesema amri ilikuwa ya lazima, kwani watu wanaokaa bega kwa bega chini ya turubai huambukizana. Sikatai. Mwaka 1918 ulishafundisha hivyo. Lakini kilichoambukiza ni kukaa pamoja, si daftari. Mchango ungeweza kuendelea kupokewa na mtu mmoja mlangoni, au kwa simu, kama waandishi wa amri wangeuliza wanawake wanaoendesha vilio hivyo. Hawakuuliza. Walikataza vyote kwa sentensi moja, na hapo walikata mshipa uliokuwa ukipeleka unga kwenye nyumba zilizofiwa.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni la tatu: kusaidiana kwa kabila kunajua pia kufukuza. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai waliondolewa Likasi na Kolwezi kwa maelfu, wakalala stesheni wakisubiri treni, na wengine wakafia hapo. Vyama vya kikabila havikuwa wageni katika siasa iliyowafikisha huko. Anayesifu mshikamano bila kutaja stesheni hizo hajasema ukweli wote. Hata hivyo kilio cha mtaa hakifuati kabila: daftari huandika jirani, awe Mlunda, Msanga, Mchokwe au Mluba. Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria leo. Sheria ya madini ya 2018 inayataka makampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, kupitia chombo chenye wawakilishi wa jamii hizo. Viti vya chombo hicho hupiganiwa na wakubwa wa kabila na wa vyama vya siasa. Wanawake wanaoandika madaftari ya vilio katika mitaa ya Kolwezi na Mutshatsha wanajua nyumba ipi imefiwa na nani hajala tangu jana, nao ndio wangepaswa kuitwa kwanza fedha hizo zinapogawiwa.