UVIDA: Usugu wa Bakteria Wabainika kwa Wagonjwa Wanaotoka Majumbani

Usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa (UVIDA) ni hali ya vimelea kuendelea kuishi na kuzaliana licha ya kuwapo kwa dawa iliyokuwa ikiviangamiza. Awali hali hiyo ilihusishwa zaidi na wagonjwa waliolazwa hospitalini kwa muda mrefu. Hivi sasa inabainika pia kwa wananchi wanaofika kituoni wakitoka majumbani, wakiwa na maradhi ya kawaida.

Mfano ulio wazi ni maambukizi ya njia ya mkojo (UTI). Utafiti wa HATUA, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda, ulihusisha wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za maambukizi hayo. Uoteshaji wa mkojo maabara ulithibitisha maambukizi kwa takriban theluthi moja yao. Kati ya bakteria aina ya Escherichia coli waliopatikana, takriban nusu walikuwa sugu kwa makundi matatu au zaidi ya dawa.

Matokeo hayo yana maana mbili. Kwanza, dalili pekee hazitoshi kuthibitisha kuwa mgonjwa anahitaji antibayotiki. Pili, anayeihitaji kweli anaweza kupewa dawa isiyofanya kazi, na maambukizi yakapanda hadi kwenye figo au kuingia katika damu.

Wengi hudhani kuwa mwili ndio unaozoea dawa. Ukweli ni kwamba bakteria ndio wanaobadilika. Dawa inapotumika, walio dhaifu hufa na walio sugu hubaki wakizaliana. Bakteria hao huweza kumwambukiza hata mtu ambaye hajawahi kutumia dawa hiyo.

Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria. Tanzania ilianza kutekeleza Mpango Kazi wa Taifa wa kwanza wa kukabiliana na tatizo hilo mwaka 2017.

Mwananchi anashauriwa kutotumia antibayotiki bila cheti cha daktari, kutotumia dawa zilizobaki wala za mtu mwingine, na kufuata kiasi na muda alioelekezwa. Asipopata nafuu, arejee kituoni apimwe, badala ya kununua dawa nyingine kwa kubahatisha.