Hesabu Iliyosimama Kwenye 509

Ndugu msikilizaji, kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya mwaka 2021, mtu yeyote aliyetazama jedwali la dunia la ugonjwa wa corona aliikuta Tanzania na hesabu moja tu: wagonjwa 509, vifo 21. Hesabu za nchi jirani zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Ya kwetu ilisimama kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri.

Mjadala juu ya hesabu hiyo haujaisha mpaka leo. Ukiugusa kwenye daladala au kwa kinyozi, mara moja watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema Tanzania ndiyo iliyoishughulikia corona kwa busara kuliko majirani zake wote, maana watu hawakufungiwa ndani wala hawakufa njaa. Kundi la pili husema tulizika ndugu zetu huku tukiambiwa hakuna kilichowaua. Leo napenda tuuchambue mjadala huo. Lakini inabidi tuanze mbali kidogo, kwa sababu corona haikuwa ugonjwa wa kwanza kutuuliza swali hili.

Tuanzie Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini waligunduliwa katika mkoa huo. Ugonjwa ulikuwa bado hauna jina la Kiswahili, kwa hiyo wananchi wakaupa lao. Wakauita Juliana, jina la kitambaa cha mashati kilichokuwa kikivushwa na wafanyabiashara wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka Waganda waliuita Slim, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Ilipofika mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa.

Sasa tuangalie jinsi nchi hizi tatu zilivyolipokea jambo lile lile.

Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani. Yoweri Museveni aliingia Kampala Januari 1986. Septemba mwaka huo, kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote mjini Harare, Fidel Castro alimpa habari nzito: kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi vya UKIMWI. Museveni mwenyewe ameisimulia habari hiyo mara nyingi. Kiongozi mwingine angeifungia kabatini, maana ni siri ya jeshi tena ya aibu. Yeye aliamua kuzungumza. Radio Uganda ikawa inapiga ngoma ya tahadhari na kufuatisha matangazo ya ugonjwa huo. Mwaka 1987 likaanzishwa shirika la TASO la kuwasaidia walioathirika. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akajitokeza hadharani kusema anao, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka alipofariki Desemba mwaka huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wazima wapatao 15 katika kila 100 nchini Uganda walikuwa na virusi. Miaka kumi baadaye walikuwa wamepungua hadi karibu 6.

Kenya ilisita. Katika miaka ya 1980 hofu kubwa ya wakubwa ilikuwa kwamba habari za UKIMWI zingefukuza watalii. Rais Daniel arap Moi alikuja kuutangaza kuwa janga la taifa Novemba 1999. Kwetu, mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI ulikuwepo tangu miaka ya 1980, lakini ni mwishoni mwa mwaka 1999 ndipo Rais Benjamin Mkapa naye alipoutangaza kuwa janga la taifa. Hiyo ni miaka 16 baada ya wale wagonjwa 3 wa Kagera. Katika miaka hiyo 16 watu walizikwa kwa majina ya malaria, kifua kikuu na kurogwa, na wajane wakanyang'anywa mali kwa tuhuma za uchawi.

Hilo ndilo somo tulilokuwa nalo mkononi corona ilipoingia.

Iliingia Machi 16, mwaka 2020. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, Mtanzania aliyewasili Arusha akitokea Ubelgiji. Siku iliyofuata shule zikafungwa, na vyuo vikafuata. Ndoo za maji tiririka zikawekwa kila mlango wa duka. Kwa majuma sita Serikali ilikuwa ikitoa takwimu, na wananchi wakizisubiri kama wanavyosubiri matokeo ya mpira.

Aprili 29 Serikali ya Muungano ikatoa takwimu zake za mwisho. Zanzibar iliongeza za kwake mwanzoni mwa Mei, na hapo ndipo hesabu ikakwama: 509. Mei 3, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa kwa siri kwenye maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na nyingine zikarudi na majibu kuwa zina corona. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Juni mwaka huo huo Rais akatangaza kuwa kwa maombi ya siku tatu Mungu ameiondoa corona Tanzania. Vyuo vilikuwa vimefunguliwa Juni 1, na shule zikafunguliwa Juni 29.

Hapa lazima tuwe waadilifu na kuusikiliza upande wa wanaoutetea uamuzi wa kutofunga nchi, kwa sababu hoja yao si nyepesi. Mama ntilie wa Kariakoo hana mshahara unaoingia benki mwisho wa mwezi. Akifungiwa leo, watoto wake hawali kesho. Rais Magufuli aliliona hilo na alilisema. Na takwimu za uchumi zinawapa wanaomtetea pa kusimama: mwaka 2020 uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 4.8, wakati wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3.

Wala amri ya kufunga haikuwa nyepesi huko ilikotumika. Kenya iliweka kafyu Machi 27, 2020. Siku chache baadaye, jijini Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Mwanzoni mwa Juni mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi nchini humo ilikuwa ikihesabu vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze. Kwa hiyo anayesema kwamba kufunga nchi kungewaumiza maskini hasemi uongo.

Lakini, ndugu msikilizaji, tazama kwa makini. Katika mjadala huu yamechanganywa maswali mawili, likawa kama moja. Swali la kwanza: je, nchi ifungwe au isifungwe? Swali la pili: je, wagonjwa na wafu wahesabiwe, na wananchi waambiwe, au la? Swali la kwanza ni la sera. Watu wenye nia njema wanaweza kutofautiana, na nchi maskini inayo haki ya kuchagua njia yake. Swali la pili si la sera hata kidogo. Hakuna mama ntilie ambaye angelala njaa kwa sababu Wizara ya Afya imetangaza wagonjwa wa wiki. Nchi ingeweza kabisa kuacha masoko wazi na kuendelea kuhesabu. Sisi tuliacha masoko wazi na kufunga daftari.

Na daftari likifungwa, mjadala nao hufungwa. Aprili 2020 gazeti moja kubwa la kila siku lilisimamishiwa kwa miezi 6 leseni yake ya habari za mtandaoni, kwa sababu ya picha ya zamani ya Rais akiwa kwenye umati wa soko la samaki. Julai 2020 zikatoka kanuni zilizokataza kuweka mtandaoni habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka husika. Vyumba vya habari vikajifunza msamiati mpya. Marehemu akawa amefariki kwa "changamoto ya upumuaji". Kila msikilizaji alielewa, na hakuna aliyesema.

Linganisheni na Kenya katika jambo hili moja. Pamoja na ukatili wa kafyu yao, takwimu zilisomwa hadharani. Agosti 2020 waandishi wa habari wa huko wakaibua kashfa ya ununuzi wa vifaa vya corona katika KEMSA, bohari ya dawa ya serikali, na Rais Uhuru Kenyatta akalazimika kuagiza uchunguzi. Kuibiwa ni kubaya. Lakini mwananchi anayejua kwamba ameibiwa anayo nafasi ya kudai.

Gharama ya ukimya wetu ililipwa na nani? Wa kwanza kulipa walikuwa madereva wa malori. Mei 2020, majirani walipokosa takwimu za kuziamini, walianza kujilinda wenyewe. Zambia ilifunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde, unaotazamana na Tunduma, na Kenya ikazuia watu kuvuka mpaka wa Tanzania isipokuwa wenye mizigo, tena kwa masharti ya kupimwa. Foleni za malori zikawa za siku na siku. Agosti mosi mgogoro ukahamia angani, Tanzania ikalizuia shirika la ndege la Kenya Airways.

Walipofuata kulipa ni wauguzi, madaktari na watu wa dini, ambao kazi yao ni kukaa karibu na mgonjwa. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini juu ya wimbi jipya. Siku hizo hizo Rais, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo za kutoka nje. Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padri Charles Kitima, alisema kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki kwa matatizo ya kupumua. Kanisa lilihesabu wafu wake. Taifa halikuhesabu.

Februari 17, 2021 alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba anaugua corona. Siku hiyo hiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Februari 21 Rais Magufuli, akiwa kanisani Dar es Salaam, aliwaambia wananchi wavae barakoa, hasa zinazotengenezwa nchini. Machi 17 Rais mwenyewe akafariki dunia. Serikali ilieleza kuwa ni maradhi ya moyo. Wapo waliokataa kuamini, na wapo wanaokataa mpaka leo. Hilo nalo ni sehemu ya gharama: nchi ikikaa mwaka mzima bila kuambiwa, hata taarifa rasmi inayofuata haipokelewi kama zamani.

Rais Samia Suluhu Hassan alipoingia madarakani aliunda kamati ya wataalamu, na Mei 2021 ikashauri takwimu zitolewe na chanjo ziruhusiwe. Julai 28, 2021 alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, baada ya kuwasili kwa dozi zaidi ya milioni 1 kutoka Marekani. Lakini watu walijitokeza kwa kusuasua. Waliokuwa wameambiwa mwezi Januari kwamba chanjo ina walakini, mwezi Julai wanaambiwa ni kinga. Ilibidi kampeni ya nyumba kwa nyumba kulirudisha lililopotea.

Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika miaka 2020 na 2021 dunia ilipata vifo milioni 14.9 zaidi ya vile vya kawaida. Sehemu ya Tanzania katika hesabu hiyo ni makisio ya wataalamu, kwa sababu hawakuwa na takwimu za kwetu za kutumia. Hata anayetaka kuthibitisha kwamba tulifanya vizuri kuliko wenzetu hawezi kuthibitisha. Wanaoutetea uamuzi ule ndio wangepaswa kulalamika zaidi kwamba daftari lilifungwa, maana ndilo lingekuwa shahidi wao.

Je, tumejifunza? Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera, mkoa ule ule wa mwaka 1983. Serikali iliutangaza, ikafuatilia waliokutana na wagonjwa, na mapema Juni ukatangazwa kuwa umekwisha, vifo vikiwa 6. Hapo tulifanya vizuri, na inafaa kusemwa. Lakini Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilipotoa taarifa ya kushuku Marburg tena Kagera, jibu la kwanza la Wizara lilikuwa kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Siku chache baadaye, Januari 20, Rais mwenyewe alisimama Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, akathibitisha kuwa upo. Safari hii ukweli ulichelewa kwa siku, si kwa mwaka. Ni maendeleo, ila si ya kubwetekea.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ugonjwa mwingine utakuja, na siku hiyo tutabishana tena kama masoko yafungwe au yaachwe wazi. Tubishane, ni haki yetu. Lakini kabla ya ubishi huo kuanza, sisi wananchi tudai jambo moja la awali: kila Ijumaa, liwalo na liwe, tusomewe wangapi wameugua na wangapi wamekufa. Anayeongoza na asiyeongoza wote watakuwa wanabishana juu ya kitu kinachojulikana. Na aliyempoteza mzazi wake ataambiwa alichofariki nacho.

Kwa leo naishia hapa. Wasalaam.