143 siyo asilimia

Najua nimepotea. Testi zilifuatana kama daladala za asubuhi, na mnajua mwenyewe nikishaona karatasi ya takwimu akili inahama mwili. Leo nimekaa kwenye kimbweta tangu saa tisa, nikasema hapana, hili lazima niliandike.

Lilianza Jumapili. Mama mdogo kanipigia simu, sauti ya hasira kabisa. "Hebu niambie wewe unayesoma. Mtoto kapata 143 kati ya 200, wanamwambia kafeli. Wazungu wanamuonea mwanangu?" Mtoto mwenyewe ni binamu yangu, yuko Ohio, Marekani. Aliondoka hapa hajamaliza kidato cha nne, kafika kule umri umeshaenda, akaingia kazini ghala la mizigo, usiku anasoma. Sasa kafanya mtihani wa GED, ule unaompa mtu cheti cha kulingana na aliyemaliza sekondari. Masomo matatu kapita. Hesabu 143.

Mama mdogo keshapiga hesabu yake: 143 gawanya kwa 200, ni kama 71 kwa mia. Kwetu hiyo si B hiyo? Nikamwambia mama, nipe siku mbili. Nikaenda kuchimba. Kumbe ile namba ina historia ndefu kuliko nilivyodhani, na inaanzia vitani.

Tuanze huko. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, askari wa Kimarekani walirudi nyumbani na shule nyingi zikawapa alama za bure kwa sababu tu wamevaa sare. Nia nzuri, lakini walimu walinung'unika: mtu anapewa cheti cha kitu ambacho hakuna aliyempima. Vita ya Pili ilipokuja wakasema safari hii hapana. Mwaka 1942 jeshi lilifungua taasisi ya kusomesha askari kwa njia ya posta huko Madison, Wisconsin, na wataalamu wakaombwa watengeneze mtihani. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa.

Lindquist alikuwa na swali gumu. Askari ametoka shamba akiwa na miaka 17, amekaa meli, amefika Italia, amejifunza kusoma ramani na kutengeneza redio. Hajui tarehe za wafalme wala majina ya mifupa. Utampimaje? Jibu lake lilikuwa hili: usimuulize anakumbuka nini, mpe habari asome, halafu muulize anaielewaje. Ikawa mitihani mitano: uandishi wa Kiingereza, kuelewa maandiko ya jamii, ya sayansi, ya fasihi, na hesabu. Ndiyo maana jina lake likawa la "maendeleo ya elimu kwa jumla", siyo la somo fulani.

Sasa hapa ndipo alama zinapoingia, na ndipo mama mdogo alipokosea (na mimi pia, nisijifanye mjanja).

Sisi tumezoea alama ni kikapu. Maswali 100, umepata 71, umebeba 71. Wao hawakufanya hivyo. Waliuchukua ule mtihani wakawapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wale walio darasani wanaosubiri kuhitimu. Wakaona wamefanyaje. Mwanafunzi wa katikati kabisa akapewa namba 50. Kisha wakapanga ngazi kwenda juu na chini yake, mwisho wa chini 20, mwisho wa juu 80. Kwa hiyo ukiambiwa umepata 50, haina maana umekosa nusu ya maswali. Maana yake umesimama bega kwa bega na mwanafunzi wa kawaida anayemaliza shule. Ukipata 35, kwenye ngazi hiyo ni kama wanafunzi saba tu katika kila mia wako nyuma yako.

Yaani alama ile haisemi "unajua kiasi gani". Inasema "umesimama wapi kwenye foleni". Nilipolielewa hili nilifunga daftari nikacheka peke yangu, mlinzi wa maktaba akaniangalia vibaya.

Na mstari wa kufaulu waliuweka wapi? Chini sana. Majimbo mengi yalikubali mtu mwenye angalau 35 kwenye kila mtihani, AU wastani wa 45. Ile "au" ni tamu, inakupa milango miwili. Kwa kipimo hicho wanafunzi kama wanane katika kumi wa sekondari ya kawaida wangepita. Taifa lilikuwa linataka askari wake wasonge mbele, na sheria ya 1944 ya kuwasomesha maveterani ilikuwa inawasubiri vyuoni.

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka 1947 jimbo la New York likaruhusu raia wa kawaida wasio maveterani kupata cheti hicho. Majimbo mengine yakafuata, na ilipofika 1959 raia waliofanya mtihani walikuwa wengi kuliko wanajeshi. Wateja wakawa wengine: mama aliyeacha shule kwa ujauzito, kijana aliyefukuzwa, mhamiaji, mfungwa. Mtihani wa mashujaa ukawa mtihani wa walioachwa nyuma. Na angalieni mstari ulivyoanza kupanda. 1988 wakaongeza insha. 1997 ile "au" ikaondoka: sasa lazima 40 kwenye kila mtihani NA wastani wa 45. 2002 wakabadilisha ngazi ikawa 200 hadi 800, ukitakiwa kupata angalau 410 kila somo na wastani wa 450. Kwa kipimo hicho, wanafunzi wa kawaida wanaohitimu ambao wangefaulu ni sita tu katika kumi.

Someni tena hapo. Wanafunzi wanne katika kumi waliokuwa wanapewa diploma shuleni kwao wasingeupita mtihani wa "kulingana" nao. Halafu watu wanauita cheti cha njia ya mkato!

Januari 2014 likaja toleo jipya kabisa, la kompyuta tu, chini ya ushirika wa Baraza la Elimu la Marekani na kampuni ya Pearson. Masomo manne: hesabu, lugha, sayansi, jamii. Ngazi mpya: 100 hadi 200. Kufaulu: 150 kila somo, na somo moja haliwezi kulibeba lingine. Waliofaulu mwaka ule walipungua vibaya sana. Majimbo mengine yakahamia mitihani shindani, HiSET na TASC, yote ya mwaka huohuo wa 2014 (TASC ilifungwa 2021). HiSET nayo ina lugha yake: kila mtihani ni hadi 20, unatakiwa angalau 8 kila mmoja na jumla ya 45. Mnaona? Cheti kilekile, namba tatu tofauti. Mwenye 15 kwenye HiSET anacheka, mwenye 143 kwenye GED analia.

Halafu Januari 2016 wenye GED wakatangaza kwamba mstari unashuka, kutoka 150 hadi 145. Walieleza kwamba wamewafuatilia waliofaulu na kuwalinganisha na wahitimu wa sekondari, wakaona wa GED wanafanya vizuri zaidi wakifika chuo. Yaani mstari ulikuwa juu mno. Na majimbo mengi yakarudisha nyuma hadi 2014: aliyekuwa na 146 alilala amefeli akaamka amefaulu. Hajasoma ukurasa mmoja zaidi. Juu ya 145 wakaweka ngazi nyingine mbili, 165 kwa aliye tayari kwa masomo ya chuo, na 175 anayeweza hata kupewa alama za chuo kabla hajaanza.

Kwa hiyo mama mdogo, kama unasoma hapa (dada yako atakusomea): 143 siyo 71 kwa mia. Ngazi inaanzia 100, haianzii sifuri. Hata ambaye hakupata kitu anaandikiwa 100. Mwanao hakuonewa. Ila pia hajafeli kwa namna unavyofikiria. Kakosa alama mbili kwenye ngazi ambayo mtu yuleyule akirudia kesho bila kusoma anaweza kupanda au kushuka kwa zaidi ya hapo. Habari njema ni kwamba harudii masomo yote. Anarudia hesabu peke yake, na majimbo mengi yanamruhusu kujaribu mara mbili zaidi bila kusubiri. Akikosa mara ya tatu ndipo anasubiri siku 60.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna kitu nilikutana nacho kikaninyima usingizi.

Mwaka 1993 wachumi wawili, Stephen Cameron na James Heckman (huyu baadaye alipata Nobel, mwaka 2000), walichapisha utafiti wenye matokeo machungu. Walikuta kwamba wenye GED, kwenye mishahara, wanafanana zaidi na walioacha shule kuliko na waliomaliza. Akili za darasani wanazo, mitihani inaonesha. Heckman na wenzake wakaendelea miaka mingi wakasema kinachokosekana ni kile mtihani haupimi: kuvumilia, kurudi kesho, kumaliza ulichoanza.

Nilisoma nikanyamaza. Sababu ni hii, na wengi wenu hapa Mlimani hamjui. Namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne haianzi na S kama zenu. Inaanza na P. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea. Niliacha shule kidato cha kwanza, nikauza genge na mama miaka mitatu, kisha nikafanya mtihani wa maarifa, ule wa QT, ndipo nikaruhusiwa kukaa kidato cha nne. Mtu akiniuliza "ulisoma sekondari gani?" nabadilisha mada. Miaka miwili hapa chuo nabadilisha mada.

Kwa hiyo nilipoona mtaalamu mwenye Nobel anasema watu wa njia yetu hatuna uvumilivu, nilikasirika kuliko mama mdogo. Nikatembea hadi Hill Park, nikarudi. Nikasoma tena taratibu, ndipo nikaona: yeye anazungumzia wastani. Foleni nzima. Wastani haumjui binamu yangu anayetoka ghalani saa sita usiku na kufungua kitabu cha aljebra kwa lugha ambayo si yake, maana mtihani upo kwa Kiingereza na Kihispania tu. Utafiti unasema kweli kuhusu kundi, na bado mtu mmoja anaweza kuwa na kile kitu ambacho namba haikipimi. Lindquist naye alijua mtihani wake unapima sehemu tu ya mtu. Waliokuja baadaye ndio waliutaka uwe mtu mzima.

Nimempigia binamu jana. Nikamweleza ngazi, foleni, mstari ulivyopanda na kushuka. Akanyamaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo ningezaliwa mapema ningeshafaulu?" Nikamwambia ndiyo, na ungefanya 2015 ungekuwa umekosa alama saba badala ya mbili. Akacheka. Kajiandikisha tena kwa mwezi ujao.

Nami kuanzia leo ukiniuliza sekondari gani, nitakujibu: P.

Haya, simu inaishiwa chaji na mbu wameshaanza zamu yao. Tuonane wiki ijayo, boom likiingia mapema nitakuwa na furaha zaidi.