Kamera Zinazoizunguka Mirihi

Volkeno ndefu kuliko zote zinazojulikana katika mfumo wa jua, korongo lenye urefu wa kilomita 4,000 na mikondo mikavu inayofanana na mito iliyokufa vyote viko Mirihi, na vyote viligunduliwa katika muda wa miezi michache ya 1971 na 1972. Sayari hiyo ilikuwa imetazamwa kwa darubini kwa zaidi ya karne tatu, na vyombo vitatu vya anga vilikwisha kuipita vikiipiga picha. Kilicholeta badiliko hilo ni chombo cha kwanza kuingia katika obiti yake kikatulia huko, kikiizunguka mara mbili kila siku.

Kutoka duniani, Mirihi haikuwahi kuonekana vizuri. Hewa ya dunia hutikisa mwanga wa darubini, na hata katika usiku mtulivu ilikuwa vigumu kutambua kitu chochote cha Mirihi chenye upana wa chini ya kilomita mia moja hivi. Watazamaji waliona rangi tu: madoa meusi, maeneo mekundu, na weupe wa ncha mbili. Mwaka 1877 Giovanni Schiaparelli, akiwa Milan, alichora mistari myembamba iliyounganisha madoa hayo. Percival Lowell, aliyejenga kituo chake cha kutazamia nyota huko Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, aliishikilia mistari hiyo akasema ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Wanaastronomia wengi hawakukubaliana naye, lakini hawakuwa na picha ya kumpinga.

Picha zilipatikana Julai 1965. Chombo cha Kimarekani Mariner 4 kiliipita Mirihi kwa umbali wa karibu kilomita 9,800, kikapiga picha 22 na kuzihifadhi kwenye utepe wa kurekodia. Kila picha ilikuwa na nukta 200 kwa 200. Redio ya chombo ilituma taarifa polepole mno, kiasi kwamba picha moja ilihitaji zaidi ya saa nane kufika duniani. Wahandisi wa maabara ya JPL, Pasadena, walishindwa kuvumilia. Walichapa namba za mwangaza kwenye vipande virefu vya karatasi, wakavibandika ubaoni kimoja kando ya kingine, wakavipaka rangi kwa chaki kufuata namba hizo. Hivyo picha ya kwanza ya Mirihi kutoka karibu ilipakwa kwa mkono kabla kompyuta haijamaliza kuitengeneza.

Zilionekana kreta, yaani mashimo ya duara yaliyochimbwa na vimondo, kama zile za mwezini. Mifereji haikuwepo. Eneo lililopigwa picha lilikuwa takriban asilimia 1 tu ya sayari, lakini hukumu iliyotolewa ilikuwa juu ya sayari nzima: Mirihi ni mahali pakavu, pazee, pasipobadilika. Mwaka 1969 Mariner 6 na Mariner 7 zilipita nazo, zikaleta picha nyingi na bora zaidi, na kwa sehemu kubwa zikaonyesha kreta zilezile. Leo inajulikana sababu. Njia za vyombo hivyo vitatu zilielemea upande wa kusini, ambako ardhi ndiyo kongwe zaidi. Hakuna aliyekosea katika kuzisoma picha zenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba sehemu ndogo ilichukuliwa kuwa kielelezo cha nzima.

Kuingia katika obiti ya sayari nyingine ni kazi ngumu kuliko kuipita. Chombo lazima kiwashe injini kwa muda uliopimwa barabara ili kipunguze mwendo, mvuto wa sayari ukikamate. Mwezini jambo hilo lilikuwa limekwisha kufanyika: kati ya 1966 na 1967 vyombo vitano vya Lunar Orbiter viliuzunguka mwezi vikiwa na filamu halisi, vikaisafisha humohumo angani, kisha vikaisoma kwa mwanga na kuituma duniani kwa redio. Kwa Mirihi, Marekani iliandaa vyombo viwili. Mariner 8 iliangukia baharini Mei 1971 baada ya roketi yake kuharibika. Mariner 9 iliondoka tarehe 30 mwezi huohuo, na tarehe 14 Novemba 1971 ikawa chombo cha kwanza kuizunguka sayari isiyo dunia.

Ilifika wakati mbaya. Tangu Septemba dhoruba ya vumbi ilikuwa imeanza kusini mwa Mirihi, ikaenea hadi kuifunika sayari yote. Picha za kwanza zilionyesha duara la mawingu lisilo na alama, isipokuwa madoa manne meusi karibu na ikweta. Hapo ndipo faida ya obiti ilipojitokeza. Mariner 9 ilikuwa na kompyuta iliyoweza kupewa maagizo mapya kutoka duniani, kwa hiyo waliokiongoza chombo waliahirisha kazi ya kuchora ramani wakasubiri. Vyombo viwili vya Umoja wa Kisovieti, Mars 2 na Mars 3, vilifika wiki chache baadaye vikiwa na ratiba isiyobadilishika. Vilishusha vyombo vyao vya kutua katikati ya dhoruba: cha kwanza kilivunjika, cha pili kikatuma mawimbi kwa sekunde chache tu kikanyamaza. Vile vilivyobaki juu vilipiga picha nyingi za vumbi tu.

Vumbi lilipoanza kutuama, madoa manne yalibainika kuwa vilele vilivyochomoza juu ya dhoruba, na kila kilele kilikuwa na shimo pana lililodidimia, dalili ya volkeno. Mmoja wa milima hiyo ulisimama pale ambapo Schiaparelli alikuwa ameona doa jeupe akaliita Theluji ya Olympus. Sasa unaitwa Olympus Mons. Urefu wake ni karibu kilomita 22, zaidi ya mara tatu na nusu ya Kilimanjaro, na kitako chake kina upana wa kilomita 600 hivi. Kuanzia Januari 1972 hewa ilikuwa safi, na kamera zikaendelea kufunua nchi mpya mzunguko baada ya mzunguko. Mashariki ya volkeno lilionekana bonde la ufa ambalo kina chake hufika kilomita 7. Likaitwa Valles Marineris kwa heshima ya chombo kilicholigundua. Kaskazini yalionekana mabonde mapana yaliyochongwa na mafuriko, yenye visiwa vilivyochongoka kufuata mkondo. Hewa ya Mirihi ya leo ni nyembamba mno kuruhusu maji kutiririka juu ya ardhi, kwa hiyo mabonde hayo yalikuwa ushahidi kwamba sayari hiyo iliwahi kuwa na hali nyingine. Hukumu ya 1965 ilianguka.

Timu ya picha iliongozwa na Harold Masursky wa Idara ya Jiolojia ya Marekani. Hadi chombo kilipoishiwa na gesi ya kujielekeza, Oktoba 1972, kilikuwa kimetuma picha 7,329, zilizofunika karibu sayari yote. Nyingi zilionyesha vitu vya ukubwa wa kilomita moja au mbili. Chache tu ziliweza kuonyesha vitu vya mita mia moja.

Kazi ya kuzigeuza picha hizo kuwa ramani haisimuliwi mara nyingi inavyostahili. Huko Flagstaff, mji uleule wa Lowell, wachoraji wa Idara ya Jiolojia walizichunguza picha moja moja na kuchora umbo la ardhi kwa bomba dogo la kupulizia wino, wakiweka vivuli vyote upande mmoja kana kwamba jua lilikuwa mahali pamoja siku zote. Patricia Bridges, aliyekwisha kuchora ramani za mwezi kwa njia hiyo, alikuwa miongoni mwa mabingwa wao. Mkono wake ulifanya jambo ambalo kompyuta za wakati huo hazikuliweza: kuunganisha picha zilizopigwa katika mwanga tofauti, umbali tofauti na ukungu tofauti, zikawa uso mmoja unaosomeka. Ramani ilihitaji pia mahali pa kuanzia kuhesabu longitudo. Merton Davies wa shirika la RAND alichagua kreta ndogo yenye upana wa nusu kilomita iliyoonekana katika picha za Mariner 9. Ikaitwa Airy-0, kwa jina la George Airy, aliyeweka mstari wa Greenwich hapa duniani. Mabonde makubwa yalipewa majina ya sayari hiyo katika lugha mbalimbali: Al-Qahira kwa Kiarabu, Kasei kwa Kijapani, Mangala kwa Kisanskriti.

Mwaka 1976 picha za kutoka obiti zilipewa dhamana kubwa zaidi. Viking 1 ilifika Juni 19 ikiwa imebeba chombo cha kutua, na mpango ulikuwa kitue Julai 4, siku ambayo Marekani ilitimiza miaka 200 ya uhuru. Kamera za juu, zilizo bora kuliko za Mariner 9, zilionyesha kuwa uwanja uliochaguliwa ulikuwa umekatwakatwa na mikondo. Sherehe ikaachwa ipite. Mahali pengine pakatafutwa kwa picha na kwa rada kutoka duniani, na chombo kikatua salama Julai 20. Viking 2 ilifika kwenye obiti Agosti. Obita hizo mbili, yaani sehemu zilizobaki juu zikiizunguka sayari, zilituma zaidi ya picha 50,000, na kazi ya obita ya Viking 1 iliendelea hadi 1980. Kreta nyingi zilionekana kuzungukwa na matope yaliyoganda kama maua, ishara kwamba vimondo vilipiga ardhi yenye barafu chini yake.

Tarehe 25 Julai 1976 Viking 1 ilipiga picha eneo la Cydonia, na kilima kimoja kikaonekana kama uso wa mtu. Picha hiyo ilizua imani iliyodumu miaka mingi, ingawa ilipotolewa ilielezwa kuwa ni mchezo wa mwanga na kivuli. Maelezo yake ni ya msingi kwa fani yote hii. Jua likiwa chini karibu na upeo, kila mwinuko hutupa kivuli kirefu, na hata tuta dogo huonekana. Jua likiwa juu, vivuli hufutika na kinachobaki ni tofauti za rangi za udongo. Kwa hiyo umbo moja hutoa sura mbili tofauti asubuhi na adhuhuri. Ndiyo maana baadhi ya obita za baadaye ziliwekwa katika njia inayopita juu ya ncha na kuvuka kila mahali saa ileile ya mchana. Picha mbili zilizopigwa kwa kupishana miaka huweza hivyo kulinganishwa bila kudanganywa na vivuli.

Baada ya Viking ulipita muda mrefu wa ukimya. Mars Observer ilipotea Agosti 1993, siku tatu kabla ya kufika. Kamera yake ilikuwa imebuniwa na Michael Malin, na ya akiba ikafungwa kwenye Mars Global Surveyor, iliyofika Septemba 1997. Chombo hicho kilipunguza mwendo kwa kujisugua kidogo kidogo katika hewa ya juu ya Mirihi, kazi iliyochukua zaidi ya mwaka kwa sababu bawa moja la umeme wa jua lilikuwa na hitilafu. Kamera hiyo haikupiga picha ya mraba kwa mkupuo kama za zamani. Ilisoma mstari mmoja mwembamba wa ardhi, kisha unaofuata, chombo chenyewe kikiisogeza mbele kama fagio linalosukumwa uwanjani. Iliona vitu vya mita chache, ikakusanya zaidi ya picha 240,000 kabla ya mawasiliano kukatika Novemba 2006. Mwaka 1998, na tena 2001, ilikipiga picha kile kilima cha Cydonia: ni kilima cha kawaida kilichomomonyoka.

Muda huo mrefu wa kutazama ulileta aina mpya ya ugunduzi. Malin na mwenzake Kenneth Edgett walitangaza mwaka 2000 kwamba kuta za kreta nyingi zina makorongo madogo mapya, na mwaka 2006 walionyesha mashimo 20 ya vimondo ambayo hayakuwepo katika picha za miaka saba nyuma. Sayari iliyohesabiwa mfu ilikuwa ikibadilika mbele ya kamera.

Mars Express ya Ulaya, iliyofika Desemba 2003, ilileta kamera ya Kijerumani inayotazama mbele, chini na nyuma kwa safari moja, hivyo kila picha yake hutoa pia kimo cha ardhi. Machi 2006 ikafika Mars Reconnaissance Orbiter na kamera ya HiRISE, iliyoongozwa na Alfred McEwen wa Chuo Kikuu cha Arizona. Kioo chake kina upana wa nusu mita, na kutoka kimo cha kilomita 300 kila nukta ya picha hufunika sentimita 30 hivi za ardhi. Kwa kuwa ardhi hupita chini yake kwa zaidi ya kilomita 3 kwa sekunde, mstari mmoja una sehemu ndogo mno ya sekunde kupokea mwanga. Kamera hukusanya mwanga wa mahali palepale mara nyingi mfululizo, kisha huujumlisha. Mei 2008 ilikinasa chombo cha Phoenix kikishuka kwa mwavuli. Mwaka huohuo ilinasa maporomoko ya vumbi na barafu kwenye majabali ya kaskazini yakiwa yanaanguka. Kwa ukali huo wa kuona huja upungufu: imefunika asilimia chache tu ya sayari. Mwenziwe katika chombo hichohicho, kamera ya CTX, huona mita 6 kwa kila nukta lakini hufunika ukanda wa kilomita 30.

Kamera hizo mbili zilishirikiana baada ya tarehe 24 Desemba 2021, siku ambayo kipima matetemeko cha InSight, chombo kilichokuwa kimetua Mirihi, kilihisi mshindo mkubwa. CTX ilionyesha mahali kimondo kilipoanguka, na HiRISE ikaonyesha shimo la mita 150 lililozungukwa na mapande meupe ya barafu, karibu na ikweta kuliko barafu ya ardhini ilivyowahi kuonekana.

Kufikia hapo kazi haikuwa tena ya Marekani, Urusi na Ulaya peke yao. India iliingiza chombo chake Septemba 2014. Februari 2021 Umoja wa Falme za Kiarabu uliingiza Al-Amal, kinachopiga picha sayari nzima kwa mbali ili kufuatilia hali ya hewa, na siku moja baadaye China ikaingiza Tianwen-1, ambayo nayo ilichunguza uwanja wake wa kutua kwa picha kwa miezi mitatu kabla ya kushusha gari. Mwaka 2023 picha za CTX ziliunganishwa kuwa ramani moja ya sayari yote, yenye nukta trilioni 5.7, ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua.