Clonmacnoise: nyumba ya mawe kando ya mto Shannon

Wadau, Jumamosi iliyopita nilibahatika kufika Clonmacnoise, katikati kabisa ya Ayalandi. Nilikwenda na hadithi yangu kichwani: watawa wapole wanasali, Waviking wanashuka na mashua zao, wanachoma kila kitu. Kumbe mambo hayakuwa hivyo.

Mtakatifu Ciarán alianzisha monasteri hii miaka ya 540, akafariki kijana muda mfupi baadaye. Mahali alipachagua kwa akili. Mto Shannon unapita kaskazini kwenda kusini, na tuta refu la changarawe linakatiza vinamasi mashariki hadi magharibi, ndilo lililokuwa barabara ya enzi hizo. Njia panda ya nchi nzima! Wakaja wanafunzi, mafundi wa madini, wafalme wa kuzikwa hapo. Na wezi pia.

Kumbukumbu zao za kale hazifichi kitu. Mwaka 764 watu wa Clonmacnoise walipigana na watu wa monasteri ya Durrow, wakafa 200 wa Durrow. Naam, monasteri kwa monasteri. Mwaka 833 mfalme wa Munster, Feidlimid mac Crimthainn, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa dini, aliua watu wa hapa na kuchoma hadi mlangoni mwa kanisa. Waviking walikuja kweli, tena si mara moja, lakini waliovamia mara nyingi zaidi ni Waayalandi wenyewe.

Makanisa ya mwanzo yalikuwa ya mbao, sasa fikiria moto ulivyoyafanya. Mwaka 909 mfalme Flann Sinna na abati Colmán wakajenga kanisa kubwa la mawe. Kanisa la namna hiyo waliliita damliac, maana yake nyumba ya mawe. Sisi wa pwani tunaijua heshima ya neno hilo. Kuta zimesimama mpaka leo, paa hakuna. Ruaidrí Ua Conchobair, anayehesabiwa mfalme mkuu wa mwisho wa Ayalandi, alizikwa humo mwaka 1198. Pembeni kuna mnara wa duara uliokamilika 1124. Radi ikaukata kichwa 1135. Kisha mwaka 1552 askari wa Kiingereza kutoka Athlone wakabeba kengele, vitabu, hata vioo vya madirisha. Hapo ndipo palipokwisha.

Lakini mimi nilikaa zaidi kwenye kile kidogo, kanisa la Ciarán, chumba kisichofika mita nne kwa tatu. Inasemekana kaburi lake limo humo. Sakafu iko chini kuliko ardhi ya nje, kwa sababu wakulima walichota udongo karne kwa karne, wakauweka kwenye pembe nne za mashamba ulinde mazao na ng'ombe. Ikabidi sakafu ifunikwe kwa mawe. Basi wakahamia nje ya ukuta: hadi leo, tarehe 9 Septemba, sikukuu yake, wapo wanaokuja kuchota.