Mumiani wa Kariakoo

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Aitamkaye methali hii aghalabu huwa hataki tena ushahidi. Lakini historia ya neno moja, mumiani, yatuonyesha kuwa lisemwalo huweza kuwa na sababu bila ya kuwa kweli.

Asili ya neno hili ni Kiajemi. Lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami, iliyotumiwa pia na watu wa pwani. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyotoka 1939, yaitaja dawa hiyo, na papo hapo yaeleza imani ya watu kuwa hutengenezwa kwa damu ya binadamu. Imani hiyo haikuwa ya Waswahili peke yao kuitilia maanani: hadi karne ya 18 wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti zilizokaushwa za Misri, wakiuita kwa jina la shina hilo hilo.

Zama za ukoloni dawa ikageuka mtu. Dar es Salaam mumiani akawa mnyonya damu atumwaye na wakubwa. Nairobi na Kampala akaitwa mzimamoto.

Msomaji na aitazame ramani ya mji. Kivukoni ndiko zilikokaa afisi za serikali. Kati palikuwa na uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, na ng'ambo yake Kariakoo, makaazi ya Waafrika. Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi hapo baada ya mji kutwaliwa Septemba 1916. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita vile walikufa, wengi kwa maradhi na njaa, bila ya kaburi lenye jina. Basi mkaazi wa mtaa ule alipoona gari la zimamoto likipita usiku, au tabibu akitoa watu damu bila ya kueleza ni ya nini, aliipima habari kwa mizani aliyokuwa nayo: serikali hii huchukua watu wala hairejeshi. Mizani ile haikuwa ya ujinga. Aliyeishika alikosa pa kuuliza.

Hata hivyo tusiupambe uvumi. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Mkoloni alikwisha kuondoka zaidi ya nusu karne, lakini mizani yake ilibaki mikononi mwa watu, na waliopimwa nayo walikuwa wageni wasio na hatia.

Watawala hupenda kuujibu uvumi kwa kanusho, nalo kanusho huja nyuma ya uvumi siku zote. Maelezo yanayofaa ni yale yatanguliayo gari, yatolewayo na mtu anayejulikana, mbele ya watu wenye ruhusa ya kumhoji. Nasi tusikiao tuna wajibu wetu. Kabla ya kusema lisemwalo lipo, tuulize: nani kaliona?